Re: Niwagawe wanafunzi wa kuona na wa kusikia kwenye darasa la Zoom?

Mwalimu mwenzangu hiyo ya kuligawa darasa hawa wanaojifunza kwa kuona hawa kwa kusikia mi nakushauri achana nayo, mwaka 2008 wanasaikolojia kina Pashler walizipitia tafiti kibao wakakuta hakuna ushahidi wa maana kwamba ukimfundisha mtoto kwa staili yake ndo anaelewa zaidi. We angalia mada ndo ikuamulie njia. Kontua za Jiografia (ile mistari ya mwinuko kwenye ramani) bila mchoro utaongea mpaka bando liishe, ila matamshi ya Kifaransa lazima wayasikie. Halafu angalia nani anajua nini tayari, mgeni wa mada mpe mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua, aliyeshaishika mpe swali tupu ahangaike nalo. Na wale wazito kujibu laivu (wapo wengi na si wajinga) waachie swali kwenye grupu la WhatsApp, watajibu usiku.