Povu kuisha si ushahidi kwamba kemikali imeoza majini
Je, povu likiisha majini, ina maana kemikali iliyolitoa imeoza, yaani imevunjwavunjwa na bakteria? Hapana, povu linaweza kuisha huku kemikali ikibaki. Kipimo kinachotumika ni OECD 301, mwongozo wa kimataifa wa kupima kama kemikali inaoza kwa urahisi: kemikali inatiwa kwenye maji yenye chumvichumvi na bakteria wachache, mara nyingi wa kutoka mtambo wa majitaka, ikiwa ndiyo chakula chao pekee, kwa siku 28. Ukipima oksijeni iliyoliwa au kabonidioksidi iliyotoka, lazima ifike 60% ya kiwango cha kinadharia (kile ambacho kingepatikana kama kemikali yote ingeoza), tena ndani ya siku 10 tangu ivuke 10%. Pembeni inakaa chupa ya kulinganishia yenye bakteria haohao na sodiamu benzoeti, kemikali inayojulikana kuoza upesi. Hiyo ikikwama, bakteria wako wana tatizo na jaribio zima ni batili. Ila kemikali kufeli hapa hakumaanishi haiozi kabisa, maana masharti yamekazwa makusudi.