Shangazi, je, Mungu Ametukasirikia?

"Shangazi, shikamoo. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mwaka jana alipata kiharusi, na tangu hapo mkono na mguu wake wa kulia havina nguvu. Mimi nauza ndizi soko la Mbuyuni, na fedha hiyo hiyo ndiyo chakula, ndiyo dawa, ndiyo nauli ya kliniki. Nilikuwa mwanakwaya, lakini sasa nikisimama kanisani sauti haitoki, na usiku silali. Katika kikundi cha maombi ninachohudhuria, dada mmoja amesema nyumbani mwetu kuna dhambi iliyofichwa. Mhubiri wa kikundi hicho anataka tutoe sadaka ya ukombozi, ikibidi tuuze ng'ombe wetu, na anasema kuendelea kumeza dawa za presha ni kumtilia Mungu shaka. Je, Mungu ametukasirikia? Au ni mimi niliyepoteza imani?"
Mke Mwenye Mzigo, Pasua, Moshi

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza, na pole kwa maneno uliyotupiwa ukiwa tayari umeelemewa.

Nitaanza na dawa, kwa kuwa jambo hilo haliwezi kusubiri. Mume wako asiache vidonge vya presha hata siku moja, isipokuwa daktari wake mwenyewe aelekeze hivyo. Mtu aliyekwisha kupata kiharusi yuko katika hatari ya kupata kingine, na presha isiyodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za ugonjwa huo. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara, na Luka anaitwa katika Maandiko tabibu mpendwa; hakuna mahali alipoambiwa autupe utabibu wake ndipo ahesabiwe kuwa mwamini. Hospitali ya KCMC hapo Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilizaliwa na juhudi za makanisa, kwa hiyo anayekuambia kwamba dawa na imani ni maadui anabishana pia na Wakristo waliomtangulia. Sisi wa kaskazini tuliona mwaka 2011 maelfu ya watu wakipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, iliyosemwa kuponya magonjwa sugu, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu hiyo. Sitaki nyumba yako ipite njia hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliwajibu kwamba hakutenda dhambi huyo, wala wazazi wake. Dada yule wa kikundi chenu ameuliza swali lile lile, akajipa jibu ambalo Bwana alilikataa. Msome pia Ayubu. Rafiki zake watatu walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa wafariji wa kweli. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, wakimshawishi akiri kosa ambalo hakulitenda. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Linganisha mwenyewe: watu waliomtetea Mungu kwa hoja nzuri ndio waliokemewa, na mtu aliyelia, akahoji na kutaka majibu ndiye aliyesemwa kuwa amenena sawa.

Kwa hiyo hujapoteza imani, mwanangu. Umechoka, na kuna huzuni ambayo hukuruhusiwa kuisema. Tumelelewa hivyo katika makanisa mengi. Mtu akiulizwa hali hujibu "Bwana asifiwe" hata kama ametoka kulia jikoni, na anayethubutu kusema kwamba moyo wake umekauka huombewa kana kwamba ameanguka dhambini. Lakini karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni maombolezo, na zilikusudiwa kuimbwa na kusanyiko. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Bwana atamsahau mtu wake hata lini. Ya 88 ni nzito kuliko hiyo, maana haifikii shangwe yoyote, na inaishia gizani; hata hivyo mstari wake wa kwanza unamwita Bwana, Mungu wa wokovu wangu. Huyo mtunzi haoni nuru, lakini bado anaongea na Mungu, wala hajageuka kumsema kwa majirani. Hiyo ndiyo imani ninayoiona katika barua yako, kwa maana mtu aliyemwacha Mungu hakosi usingizi akijiuliza kama Mungu amemkasirikia.

Usiku usingizi ukikataa, isome Zaburi ya 13 kwa sauti ndogo, kisha endelea kwa maneno yako mwenyewe, hata yakiwa ya malalamiko. Msalabani Yesu naye alimwuliza Baba kwa nini amemwacha.

Sitakuahidi kwamba mume wako atarudi kwenye usukani. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na jibu alilopewa ni kwamba neema yamtosha, mwiba ulibaki. Kumtegemea Mungu wakati wa taabu kunahusu uwepo wake pamoja nasi, na uwepo huo hauuzwi. Kwa sababu hiyo ng'ombe asiuzwe. Sadaka ni shukrani ya moyo ulio huru, na mtu anayemtaka mke wa mgonjwa auze mali ya mwisho ya nyumba ili Mungu amsikie hana haki ya kuitwa mchungaji wako. Kikundi hicho kiache, bila ugomvi na bila hofu ya laana yoyote atakayokutamkia.

Kuhusu kutolala, mwambie daktari siku ya kliniki, maana wauguzaji huugua pia, na huzuni ya muda mrefu inatibika. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Mahitaji yako ni ya namna hiyo. Nenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako, mweleze hali ya nyumbani bila kuipamba, na uulize kuhusu diakonia, yaani fungu la kanisa la kuwasaidia wahitaji, kwani limewekwa kwa ajili ya watu walio katika hali kama yenu. Waombe wanajumuiya wapange zamu, mmoja akae na mgonjwa saa chache ili wewe upumzike, na kijana mwenye nguvu amsaidie kufanya mazoezi ya viungo aliyoelekezwa hospitalini. Mwombe mchungaji awaletee Chakula cha Bwana nyumbani, maana mume wako naye ana maswali yake na huenda amekuficha ili asikuongezee mzigo.

Jumapili nenda ibadani, ukae benchi lolote utakalo. Sauti isipotoka, nyamaza, na uwaache wenzako wa kwaya waimbe kwa niaba yako hadi utakapoweza.