Siku nane za Kizito, kumi na tisa za mjomba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukiongoka leo, kisha ukaambiwa umebakiza mwaka mmoja, utauishije ili uwe na maana?" Swali hilo nimelisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, likanikera mpaka namba yangu ikaitwa nisisikie. Mwaka mzima! Wengine hawakupewa hata mwezi.

Kila inapokaribia Juni 3, mabasi ya mahujaji yanavuka mpaka wa Mutukula kwenda Namugongo, Uganda, walikouawa mashahidi, na watu wanarudi na maji ya kule kwenye madumu. Wengi wanamtaja Kizito kwa sababu alikuwa mtoto. Tuhesabu basi. Alikuwa na miaka kama 14, mtumishi kwenye ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Alikuwa ameshamwomba ubatizo Padre Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapera, akaambiwa asubiri, maana ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, wa wamisionari wale ulikuwa wa miaka. Usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, huko Munyonyo, ilipokuwa wazi kwamba hakutapambazuka salama, Karoli Lwanga, kiongozi wa watumishi wale, akambatiza yeye na wenzake kadhaa. Lwanga hakuwa padre. Juni 3 wakachomwa moto kwa ajili ya imani yao. Kwa hiyo Ukristo wa Kizito, kwa maana ya cheti, ni siku nane, tena akiwa mfungwa.

Watakatifu wanisamehe, lakini ndiyo maana siku zote nimeona mfano wake hautufai sana sisi wa kawaida. Ukiwa umefungwa kamba utamdhulumu nani? Kazi ipo kwa anayebatizwa akaishi miaka 40, akaoa, akachaguliwa kuwa mweka hazina wa jumuiya. Huyo ndiye nilitaka kumwandikia. Ila nilipokaa chini kuandika, aliyenijia ni mjomba.

Mjomba alikuwa mvuvi, huku kwetu Kagera, mtu wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, na maneno mengi. Kanisani alikuwa anaingia kwenye harusi tu. Ugonjwa ulipomkausha, akamwita katekista mwenyewe, akabatizwa kitandani kwa maji ya jagi la plastiki. Alipoulizwa jina akasema, "Kizito." Mama yangu akaangua kicheko katikati ya sala. Mtu amebaki mifupa, anabebwa na mtoto, eti Kizito! Na mtoto wa kumbeba nilikuwa mimi.

Akaishi siku 19. Asubuhi ya pili akaniambia, "Mpwa wangu, toa baiskeli." Nikamkalisha kwenye keria ya Phoenix ya babu, nikamfunga kiunoni kwa khanga ya mama asidondoke, nikasukuma. Tulikuwa tunalipa madeni. Sukari ya dukani, mchango wa msiba alioula, panga la jirani. Hayo yalikwisha upesi, watu walikuwa wanamwonea huruma.

Kwa mzee mmoja wa mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, mambo yakawa mengine. Mjomba alikuwa amemwibia vipande vitatu vya nyavu, miaka mingi nyuma, na kijiji kizima kilijua. Tukamkuta amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, anakula muhogo. Mjomba akasema, "Kaka, nyavu zako nilichukua mimi." Mzee akatafuna akamaliza, akajibu, "Hilo si habari. Ziko wapi?" Mjomba akatoa hela ya kipande kimoja. Mzee akaihesabu mara mbili, akaitia mfukoni, akasema bado viwili. Mjomba akamwambia amebatizwa, ameomba msamaha kwa Mungu, naye anamwomba. "Mungu nyavu zake hazikuibiwa," mzee akasema. "Kama hela huna, mikono unayo." Akamtupia wavu uliochanika na sindano ya kushonea.

Mimi nilitaka kulia kwa hasira. Mjomba akaushika. Vidole vinatetemeka, uzi unamponyoka, kila jicho moja la wavu linamchukua muda ambao zamani angeshona kumi. Ikafika saa kumi jioni, mzee hajasema hata pole. Tukarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne hakuweza kushuka kitandani. Wavu ulibaki na tundu la kupita mbwa.

Alipokufa, wazee wa jumuiya wakaanza: hana kadi ya zaka, hajahudhuria hata mara moja, azikwe na nani? Walibishana uani hadi katekista akawauliza Kizito wa Namugongo alikuwa na kadi gani. Akazikwa. Yule mzee naye alikuja makaburini. Nikadhani amekuja kusamehe. Alikuja kudai sindano yake. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti tulikuwa tumemvalisha marehemu.

Sasa nikirudi kwenye lile nililolisema kuhusu kamba, naona nimejikwaa. Mjomba naye alikuwa amefungwa, kwa khanga, na bado alipata wa kumlipa. Huenda Kizito naye, katika siku zile nane za kamba, alikuwa na lake la kufanya ambalo mahubiri hayalifikii. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mwaka mmoja unatosha, hata wiki inatosha, ilimradi mtu aanze na anaowadai na wanaomdai. Lakini sisemi mjomba alimaliza. Hakumaliza, na aliyeibiwa alikuwa na haki ya kununa. Mimi mwenyewe ningenuna. Tena msinielewe kwamba watu wangoje kitanda ndipo waite katekista, kwa sababu vijana wa siku hizi mkiwapa mwanya huo watautumia.

Na mhariri, ikiwa nafasi ni ndogo, kateni kule kwenye benki. Ya nyavu msiikate.

Msomaji, Kagera