Dau halina "h"

Mwalimu anaandika "dhau", mimi naandika "dau". Nani sahihi? (Mwanafunzi, Mkomani)

Wewe. Swali hili linarudi kila mara na jibu ni lile lile: dau, wingi madau. Hiyo h ni ya Waingereza, walioandika "dhow" na wao wenyewe hutamka d tupu. Waarabu huliandika kwa herufi dali (d), si kwa dhali (dh). Kwetu dh ina kazi yake, ulimi kati ya meno: dhahabu, dhambi, nahodha. Ukiandika "dhau" umezua neno ambalo fundi wa vyombo wa Matondoni, Lamu, halijui. Wajerumani wana "Dau" na "Dhau" pia; hilo waachieni wenyewe.

Kwani kila chombo cha tanga si dau? (Msomaji, Shela)

Si kila chombo. "Dhow" ya Mwingereza ni kapu la kutilia kila kitu. Ukifika ufukweni, tazama tezi kwanza, yaani nyuma ya chombo. Dau ni dogo, limechongoka omo (mbele) na tezi. Mashua na jahazi tezi zake zimekatwa bapa, jahazi likiwa kubwa zaidi. Kisha tazama omo: jahazi la Lamu omo yake imesimama wima, la Unguja imelalia mbele. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lina mbao za kuelea ubavuni pande zote mbili. Na mtepe, fahari ya visiwa vya Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Picha yake huandikwa "dhow" bila haya, ilhali haufanani na hivyo vingine hata kwa tanga.

Ningependa waandishi wa habari wasome jibu hili mara mbili.

Muuza duka Mhindi anasema "jahaz" ni ndege. Ananitania? (Langoni)

Hakutanii, ila amefupisha. Kwa Kihindi na Kiurdu jahaz ni meli, na hawai jahaz, yaani meli ya hewani, ndiyo ndege. Kiajemi nacho kina jahaz. Kiarabu cha leo kina jihaz, maana yake kifaa au mtambo. Ukimwambia Mwarabu kwa Kiarabu kwamba "jahazi" lako limeharibika, huenda akakuuliza kama umejaribu kubadilisha betri.

Wageni wetu Wataliano huita boti "sambuco". Niwaelezeje? (Mwongoza watalii, Malindi)

Kitaliano kina sambuco mbili: mti, na chombo cha Bahari ya Shamu. Cha pili ndicho sambuk ya Waarabu. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Malindi mwaka 1498, waliandika zambuco. Usiwaambie boti imechongwa kwa mti huo. Na kama chombo unachowapandisha ni mashua, sema mashua.

Dau la kamari ni hilo hilo? (Msomaji, Mambrui)

Herufi tu ndizo zinazofanana. Kwa Kihindi daanv ni kile kinachowekwa mezani kushindaniwa.

Nanunua chombo. Kwenye hati niandike "dau moja" inatosha? (Kizingitini)

Haitoshi, na hapa ndipo watu huumia. Andika aina: dau, mashua au jahazi. Andika urefu mara mbili, wa mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba chombo, na wa omo hadi tezi. Muuzaji hutaja ule mrefu, mnunuzi akadhani ni mkuku, na tofauti yake ni futi kadhaa za mbao ulizolipia bila kuzipata. Taja mlingoti, foromali (boriti ya kufungia tanga), tanga, usukani, nanga na kamba zake, kimoja kimoja, pamoja na mashine kama ipo. Kisichoandikwa kitateremshwa usiku kabla ya makabidhiano. Pandisha chombo nchi kavu, ufungue kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, sehemu mbili tatu chini ya mstari wa maji, ujaribu mbao na mataruma (mbavu za chombo) kwa ncha ya kisu. Ikizama kwa urahisi, shusha bei au ondoka.