Uliza kipokezi mipaka yake kabla ya kukipangia muda

Mkuu, umeuliza programu itajuaje kipokezi cha rimoti kinaweza kusubiri kwa muda gani, mfupi kabisa na mrefu kabisa, kabla ya kuamua kwamba rimoti imenyamaza. Kwenye Linux unakiuliza chenyewe. Mimi nililijua hilo baada ya kusumbuliwa na kiyoyozi cha sebuleni.

Nilikuwa na Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na kile kipokezi kidogo cha miguu mitatu, TSOP38238. Rimoti ya TV ilisomeka vizuri, ila nilitaka iitike haraka zaidi, nikashusha muda huo wa kusubiri hadi mikrosekunde 10,000. Rimoti ya TV ikakubali, ya kiyoyozi ikagoma. Nikinasa kwa ir-ctl -r (amri ya Linux ya kunasa ishara za rimoti), nabonyeza mara moja, inatoka mistari miwili. Nikabadilisha betri (usicheke). Kumbe rimoti ile hutuma ujumbe kwa vipande viwili, na katikati hutulia kama mikrosekunde 20,000. Kipokezi kilikuwa kinafunga hesabu kipande cha pili kikiwa bado njiani.

Sasa, fungua /dev/lirc0 (faili inayowakilisha kipokezi), uite ioctl (ombi la programu kwa kifaa) ya LIRC_GET_MIN_TIMEOUT, kisha LIRC_GET_MAX_TIMEOUT. Kila moja hukujazia namba ya biti 32, nayo ni mikrosekunde, si milisekunde. Kama hutaki kuandika kodi, piga ir-ctl -f. Kwangu, kwa draiva (programu inayoendesha kifaa) ya gpio_ir_recv, ilitoa 1 hadi 1,250,000. Namba hizo zikilingana, ujue muda umefungwa, huwezi kuubadilisha. Ukirudishiwa kosa la ENOTTY, draiva haina huduma hiyo; programu isife kwa sababu hiyo, iendelee na muda uliopo. (Jina hilo ni la enzi za mashine za taipu, lisikutishe.) Kupanga muda ni LIRC_SET_REC_TIMEOUT, na ukitoka nje ya mipaka unapata EINVAL, yaani kosa la thamani isiyokubalika.

Ila usichukue ile namba ya juu eti kwa usalama. Sekunde 1 na robo ni nyingi mno, mibonyezo miwili ya haraka itakuja imeungana. Thamani ya msingi ya keneli (kiini cha Linux) ni 125,000. Mimi nimeweka 30,000: inavuka ule utulivu wa kiyoyozi, na bado iko chini ya zile kama 40,000 ambazo rimoti ya TV yangu, ya mtindo wa NEC (mpangilio mmojawapo wa ishara za rimoti), hukaa kimya kabla ya kurudia ukishikilia kitufe. Zako zipime kwanza kwa ir-ctl -r kabla ya kugusa chochote.