Maswali na Majibu: Vijana, Asili ya Jamii na Hatari ya Kujiua

Je, kuna jamii ambazo vijana wao huzaliwa na mwelekeo wa kujiua?

Hapana. Tofauti zipo, tena kubwa: nchini Marekani, vijana wa jamii za wenyeji wa asili ndio wenye viwango vya juu vya vifo hivi. Lakini wastani wa jamii nzima huficha mengi. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, watafiti Michael Chandler na Christopher Lalonde walichunguza takriban jamii 200 za wenyeji wa asili kwa miaka ya 1987 hadi 1992, wakakuta kwamba zaidi ya nusu hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua, ilhali vifo vilirundikana katika jamii chache. Jamii zilizosalimika zaidi ni zile zilizodai ardhi yao, zilizojitawala, zilizosimamia zenyewe shule, huduma za afya, polisi na zimamoto, na zilizokuwa na majengo ya shughuli za utamaduni wao. Palipokuwa na mambo hayo yote, hapakuwa na kifo. Kama asili ingekuwa ndiyo sababu, tofauti hiyo isingeonekana.

Nimezoea kusikia kwamba watu weusi hawajiui. Ni kweli?

Si kweli, na imani hiyo ina madhara, kwa kuwa mzazi au daktari asiyelitarajia jambo huzipita dalili zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Marekani ulionyesha kwamba kati ya 2001 na 2015 watoto weusi wa miaka 5 hadi 12 walijiua kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya watoto weupe, ingawa kwa wenye miaka 13 hadi 17 kiwango chao kilikuwa takriban nusu ya wenzao weupe.

Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi wangu, mtoto wa wahamiaji, hulalamika kuumwa kichwa kila siku na amejitenga na wenzake. Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, sitampandikizia wazo hilo?

Hutampandikizia, tafiti hazikuonyesha kwamba kuuliza huongeza hatari. Muulize faraghani, kwa maneno ya wazi, na usimwahidi kuficha atakalokuambia. Katika familia nyingi maumivu ya mwili husemeka kwa urahisi kuliko huzuni, hivyo usiyapuuze, wala usimfanye mdogo wake mkalimani wa mazungumzo hayo na wazazi. Akikiri kwamba anafikiria kujiua, usimwache peke yake, hakikisha vitu anavyoweza kujidhuru navyo vimeondolewa, na mtafutieni msaada wa kitaalamu siku hiyohiyo.

Ustahimilivu unaweza kufundishwa?

Kwa kiasi fulani, ila neno hilo hunikera linapotumiwa kumtaka mtoto anayebaguliwa avumilie tu, badala ya ubaguzi wenyewe kukomeshwa. Mfano ninaouamini ni wa Waapache wa White Mountain, jamii ya wenyeji wa asili katika jimbo la Arizona, Marekani, ambao mwaka 2001 walianzisha utaratibu wa kuripoti kila tukio la kujiua au kujaribu kujiua, na baadaye kila fikra ya kujiua iliyojulikana. Anayeripotiwa hutembelewa na mhudumu wa jamii yake mwenyewe, anayezungumza naye na kumsaidia kupata matibabu. Kiwango cha vifo kilipungua kwa takriban asilimia 38 kati ya kipindi cha 2001–2006 na kile cha 2007–2012. Kando ya hayo, wazee wao huingia madarasani kuwafundisha watoto lugha, visa na desturi za jamii yao.