Je, Injili ni Ngano kama za Wayunani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kikristo niliyezaliwa na kukulia Chake Chake, Pemba, ambako Wakristo tu wachache na karibu sote tunajuana. Kaka yangu anasoma chuo huko Unguja. Aliporudi likizo alituambia, mbele ya wazee, kwamba hakuna tofauti baina ya kumwamini Yesu na kumwamini Zeus, mungu mkuu wa Wayunani: kote kuna mwana wa mungu, kote kuna miujiza, kote kuna anayekufa kisha akapaa mbinguni, na Wayunani wa kale nao waliamini kwa moyo wote hadi dini yao ilipokufa. Baba alikasirika, mama akalia, nami nikakosa la kusema. Je, imani ya Kikristo inastahili kusadikiwa kuliko ngano za Wayunani, au ni mazoea tu yanayotufanya tuicheke moja na kuiheshimu nyingine? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza ujue ni nani anayekujibu. Mimi ni Mwislamu, na juu ya jambo lililo kitovu cha imani yako, yaani kusulubiwa na kufufuka, Kurani katika Sura ya 4, aya ya 157, inasema vingine. Kwa hiyo usitarajie nikuhubirie. Lakini swali lako lina upande wa historia, na upande huo niliufundisha skuli kwa miaka mingi.

Neno letu “hadithi” ndilo linaloanza kutuponza. Bibi akisema “Paukwa”, nasi tukaitikia “Pakawa”, hapo mapatano yamekwisha kufungwa: sungura atasema, jini atanunua shamba, na hakuna mtoto atakayeuliza nani alishuhudia. Hadithi ya darsani msikitini ni jambo jingine kabisa. Hiyo haipokewi mpaka ijulikane fulani kaipokea kwa nani, na huyo kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo huo awe amepimwa ukweli wake na kumbukumbu yake. Neno ni moja, madai ni mawili. Askofu Edward Steere, aliyezikwa mwaka 1882 katika kanisa la Mkunazini alilolijenga pale palipokuwa soko la watumwa, aliyajua yote mawili: mwaka 1870 alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na mtu huyohuyo akaifasiri Injili kwa Kiswahili cha hapahapa. Sijasikia kwamba kuna aliyemwitikia “Pakawa” kanisani.

Basi, ngano za Wayunani zilikuwa za aina gani? Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani aliyeandika katika karne ya 5 K.K., anasema waziwazi kwamba washairi Homer na Hesiod, ambao kwa hesabu yake walimtangulia kwa miaka 400 tu, ndio waliowatungia Wayunani nasaba ya miungu, wakaipa majina, vyeo na sura. Hayo si maneno ya adui wa dini hiyo, bali ya mtu aliyeheshimu mahekalu na kusadiki maaguzi. Kabla yake mshairi Xenophanes alikwisha kuwadhihaki wenzake, akisema kwamba watu weusi wana miungu weusi wenye pua bapa, Wathraki wana miungu wenye nywele nyekundu na macho ya buluu, na lau ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchorea, wangechora miungu yenye maumbo ya ng'ombe na farasi. Mwanafalsafa Plato naye alitaka tungo za Homer zichujwe kabla ya watoto kufundishwa, kwa kuwa ndani yake miungu huzini na kudanganyana.

Tazama kisa cha Helen, malkia wa Kiyunani aliyesifiwa kwa uzuri. Wengi walisema alitoroshwa akapelekwa Troy, na vita vya miaka 10 vikapiganwa kwa ajili yake. Wengine walisema hakufika Troy kamwe, alikuwa Misri muda wote. Visa vyote viwili vilisimuliwa hadharani, na hakuna kuhani aliyemtenga mtu kwa kuchagua kimoja. Dini yao ilikuwa kafara, maandamano na sikukuu za mji. Hapakuwa na “nasadiki” ya kukariri. Kwa hiyo kaka yako anaposema kwamba waliamini kwa moyo wote, amesema nusu ya jambo. Walisadiki kwamba miungu ipo na inataka haki yake, na mwanafalsafa Socrates aliuawa Athene mwaka 399 K.K. kwa shtaka, miongoni mwa mengine, la kutoikubali miungu ya mji. Lakini kisa hiki au kile cha Zeus kilikuwa mali ya mshairi. (Watu wa Krete walikuwa hata wakionyesha kaburi la Zeus, na mshairi Callimachus akawaita waongo kwa hilo. Mungu asiyekufa mwenye kaburi ni mtihani kwa waumini wake wenyewe.)

Ukristo ulijifunga kwa kamba nyingine: ulimtaja liwali, ukataja mji na majira. Paulo aliwaandikia Wakorintho katika miaka ya 50 B.K., haijatimia hata miaka 30 tangu mambo yenyewe, na katika mlango wa 15 anatumia maneno ambayo mwanafunzi wa elimu ya hadithi atayatambua mara moja, kwamba anawapa yale aliyoyapokea yeye mwenyewe. Kisha anawataja mashahidi: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao wangali hai, halafu Yakobo. Wala Kefa na Yakobo kwake si majina ya kusikia. Katika waraka kwa Wagalatia anaeleza kwamba alikwenda Yerusalemu akakaa kwa Kefa siku 15, akamwona na Yakobo, ndugu yake Bwana. Yakobo huyo anatajwa pia na Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi asiyekuwa Mkristo, katika habari ya kuuawa kwake. Tacitus, Mrumi aliyewadharau Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato katika enzi ya Kaisari Tiberio. Na mwaka 1961 jiwe lenye jina la Pilato na cheo chake lilichimbuliwa Kaisaria.

Juu ya hayo Paulo anaongeza la hatari: kama Kristo hakufufuka, mahubiri yetu ni bure na imani yenu ni bure. Simjui mshairi wa Kiyunani aliyeiweka dini yake rehani namna hiyo. Helen akiwa Misri au akiwa Troy, Zeus hapungukiwi kitu. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa, na wala haimo katika miujiza, kwa maana miujiza kila dini inayo. Injili inajileta mbele ya kadhi na kusema, niulizeni. Ngano ya Olympus, mlima wa miungu ya Wayunani, haikufika mahakamani wala haikukusudia kufika.

Lakini usiende kwa kaka yako na karatasi hii mkononi kabla hujasoma yanayofuata, kwani kufika mahakamani si kushinda kesi. Kutajwa kwa mahali peke yake hakuthibitishi kitu. Hapo karibu nanyi pana magofu ya Pujini, na kila mtoto wa Pemba amesimuliwa habari za Mkama Ndume, jinsi alivyowalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio, na jinsi alivyokitia ukuta kisima ili wake zake wawili wasionane wakichota maji. Kuta zipo, kisima kipo; habari za makalio unaweza kuzisadiki au kuziacha. Vivyo hivyo, katika miaka ya 1870 Heinrich Schliemann alichimba Hisarlik, katika Uturuki ya leo, akafukua mji ambao wataalamu wengi wanaukubali kuwa ndio Troy, na hakuna aliyemrudia Zeus kwa sababu hiyo. Jiwe la Pilato linathibitisha Pilato.

La pili ni zito zaidi, nami sikulipata vitabuni. Mwaka 1995, kwanza Pemba na baadaye Unguja, watu wazima wenye akili zao walilala nje makundi kwa makundi kwa kumwogopa popobawa, jini anayesemwa huwavamia watu usiku, na waliosema kwamba yamewafika walikuwepo, wana majina na mitaa yao. Mwanahistoria atakayezisoma habari hizo baada ya miaka 2,000 atakuwa na mashahidi wengi, tena wa karibu na tukio kuliko tulio nao sisi wa Yerusalemu. Je, atawasadiki? Naamini atauliza kwanza kila mmoja alisema nini alipohojiwa peke yake, na hofu za mwaka ule, uliokuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, zilichangia nini. Maswali hayohayo ni halali kwa wale 500 wa Paulo, ambao hakuna hata mmoja aliyetuachia jina. Tena Injili zote nne, ndani ya maandishi yenyewe, hazitaji jina la mwandishi, na kwa kipimo cha mnyororo wa hadithi hilo ni pengo. Luka naye anaihusisha kuzaliwa kwa Yesu na kuandikwa kwa watu wakati wa Kirenio, liwali wa Shamu, jambo ambalo Josephus analiweka mwaka 6 B.K., ilhali Mfalme Herode, ambaye katika Mathayo anamtafuta mtoto amwue, kwa hesabu ya wengi alikufa mwaka 4 K.K. Wafasiri wamehangaika na miaka hiyo takriban kumi tangu zamani. Hata hivyo, kosa la tarehe huonekana pale tu tarehe ilipotajwa; jaribu kutafuta kosa la tarehe katika kisa cha mungu wa kike Athena kuzaliwa kichwani mwa Zeus.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni kwamba kaka yako amekosea kuziweka imani hizi mbili katika kapu moja, na amepatia kusema kwamba muujiza hauthibitiki kwa kuwa umeandikwa. Kwamba Yesu aliishi, akafundisha, akauawa na Pilato, na kwamba muda mfupi baadaye wanafunzi wake walisema wamemwona, hayo wanahistoria wengi wanayakubali, hata wasio na dini. Wanakufikisha mlangoni pa kaburi. Mungu alifanya nini humo ndani, hilo Tacitus hawezi kukuambia. Na mimi pia, ninayesadiki kwamba Nabii Isa alizaliwa na Maryam bila ya baba, sikulipata hilo kwa Tacitus.

Kuhusu mazoea, bila shaka yapo. Lau ungezaliwa Athene mwaka 450 K.K. ungemchinjia Zeus pamoja na jirani zako na usingeona kichekesho. Ila mazoea yanaeleza kwa nini mtu anaamini, hayaelezi kama anachokiamini ni kweli, na hilo linamhusu kaka yako na mazoea yake mapya ya chuoni sawasawa na linavyokuhusu wewe.

SWALI: Mwalimu, kuna watu wanaodai kwamba kuzaliwa kwa Yesu na bikira kulichukuliwa kutoka katika visa vya Heracles na Dionysus, wana wa Zeus katika ngano za Wayunani. Je, ni kweli? (Msomaji, Ng'ambo, Unguja)

JIBU: Visa vyenyewe havisemi hivyo. Alcmene, mama yake Heracles, alikuwa mke wa Amphitryon, na Zeus alimjia kwa sura ya mumewe. Semele, mama yake Dionysus, alikuwa kipenzi cha Zeus, akateketea kwa radi yake. Hivyo ni visa vya tamaa ya mwanamume mwenye nguvu. Katika Luka, na katika Sura Maryam, mwanamume hayupo. Yupo malaika na bikira anayeuliza itakuwaje.

Ulinganisho huo, hata hivyo, si wa jana. Justin, Mkristo wa karne ya 2, alipomwandikia Kaisari Antoninus Pius, mwenyewe alisema kwamba Wakristo hawaneni jambo geni kuliko wanaowataja wana wa Zeus; alikuwa anawatetea watu wasiuawe, na hoja hiyo ilimfaa. Baadaye Celsus, mpinzani wao, akaishika hoja ileile kuwashambulia. Na kabla ya wote wawili, huko Listra, kama kisemavyo kitabu cha Matendo ya Mitume, watu walipomwona kiwete ameponywa walimwita Barnaba Zeu (yaani Zeus) na Paulo Herme, mungu mwingine wa Wayunani, kuhani akaja na ng'ombe na mataji ya maua tayari kuchinja, na Mitume wakararua nguo zao na kuwakimbilia wakiwasihi waache.